Tundu la Mvuke Lisizibwe: Akiba ya Makala Iko ku Moto

Ndugu wanaushirika wa Ruashi na wa vijiji vinavyoizunguka, toleo hili tunaligeuzia swali moja ambalo vikundi vya uyoga vimetuuliza mara nyingi tangu mvua zianze. Swali lenyewe ni hili: tundu lile la ku mfuniko wa pipa, ambalo linatoa mvuke siku nzima, tulifunge ao tuliache? Wengine wanaona mvuke unapanda juu ya mti wa embe na wanasema makala yao njo ile inapanda. Wengine wanaogopa pipa. Wote wawili wako na sababu, na ndiyo maana tumeandika makala haya kwa urefu.

Jibu letu tunalitoa hapa mwanzoni, kusudi asiye na wakati alipate: hapana kufunga tundu. Punguzeni moto. Kwa pipa linalochemka, kufunga tundu hakuokoi hata kipande kimoja cha makala, na kunaweza kuua mtu. Yanayofuata ni maelezo ya kwa nini, pamoja na hesabu, na namna ya kutengeneza mfuniko ambao fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kuufanya kwa siku moja.

Pipa linafanya kazi gani

Kila mtu wa huku anajua uyoga wa pori. Mvua ikianza, wamama wanaupanga kando ya barabara kwa mafungu, na msimu ukiisha uyoga unaisha. Uyoga wa kulima, ule unaoota kama masikio ku mfuko, unaweza kuvunwa hata wakati wa kiangazi. Chakula chake ni vitu ambavyo tunatupaga: magunzi ya mahindi, majani makavu ya maharagi, unga wa mbao. Lakini vitu hivyo vinakuja na wadudu, na ukungu wa kijani, na mbegu za uyoga mwingine. Usipoviua kwanza kwa moto wa mvuke, ukungu unakula mfuko kabla ya mbegu yako kushika.

Kwa hiyo tunachukua pipa la lita 200, tunaweka maji chini, tunaweka jukwaa la vyuma juu ya maji, tunapanga mifuko, tunafunika, na tunawasha. Pipa lile ni boila ndogo ya nyumbani. Tukilitazama vile tutaliheshimu, kwa sababu boila yoyote, ya parseli ao ya kiwanda, iko na maswali mawili yale yale: mvuke utoke wapi, na moshi utoke wapi. Tuanze na mvuke.

Kwanza hewa itoke

Watu wengi wanafikiri tundu liko pale kwa ajili ya kupunguza nguvu tu. Kazi yake ya kwanza ni nyingine: kutoa hewa. Pipa ambalo halijawashwa limejaa hewa, kati ya mifuko na juu yake. Mvuke ukipanda kutoka chini unaisukuma. Hewa isipopata njia, inabaki ndani, inachanganyika na mvuke, na joto linashuka hata kama maji yanachemka vizuri.

Hapa kwetu jambo hili ni kubwa kuliko pwani. Lubumbashi iko juu ya bahari kwa mita 1,200 na zaidi, na maji yanachemka karibu digri 96, hayafiki 100. Hiyo 96 ndiyo yote tuliyo nayo katika pipa lisilo na shinikizo. Sasa, kama sehemu moja kwa tano ya kilichomo ndani ni hewa, joto linashuka hadi karibu 90. Kama nusu ni hewa, linabaki karibu 78. Mtu anaona maji yanachemka, anasikia pipa linanguruma, anahesabu saa zake tano, kumbe mifuko ya katikati haijapata joto lake. Wiki ya pili ukungu wa kijani unatokea, na watu wanalaumu mbegu.

Ugumu huu si wa Ruashi peke yake. Katika nyumba za zamani za Chicago na New York, ambako baridi ni kali, watu wanapasha vyumba kwa mvuke unaotoka boila iliyo chini ya nyumba. Kila chuma cha kupasha chumba kiko na vali ndogo ubavuni, na mabomba makubwa nayo yako na zao. Kazi ya vali hizo ni kuachia hewa itoke, halafu kujifunga mvuke ukifika. Zikitoa hewa upesi, nyumba inapata joto kwa moto mdogo. Lakini vali ni kitu kidogo chenye sehemu nyororo ndani: inashika kutu, inaziba, ao inakataa kufunga na kutema maji sakafuni. Mafundi wa kule wanajua ubishi huu tangu zamani: kifaa kinachookoa moto zaidi ndicho mara nyingi kinachoharibika kwanza. Wao wako na duka la vipuri ku kona. Sisi hatuna, na ndiyo maana tundu tupu, lisilo na kitu cha kuharibika, linatufaa zaidi.

Aina tatu za mfuniko

Katika vikundi tunavyotembelea tunaona mifuniko ya aina tatu.

Ya kwanza ni mfuniko uliowekwa tu juu, na gunia lililolowa, na jiwe. Ni rahisi na salama: mvuke ukizidi, mfuniko unanyanyuka wenyewe. Ubaya wake ni kwamba mvuke unatoka kila upande, mara nyingi upande mmoja zaidi, basi mifuko ya upande mwingine inabaki na hewa. Mtu hawezi kujua ndani kuna nini.

Ya pili ni mfuniko uliozibwa pembeni kwa mpira wa tairi ao udongo wa mfinyanzi, na tiyo moja ao mbili juu, ambazo ziko wazi saa zote. Mvuke wote unapita njia moja, hewa inasukumwa vizuri, na mtu anaweza kuona mvuke unatoka namna gani. Huu ndio tunaoushauri.

Ya tatu ni mfuniko uliofungwa kwa bulonge, na robine ao vali iliyotolewa ku kitu kingine, ambayo mtu anaifunga maji yakichemka. Wanaotaka mfuniko huu wanatuambia: "Hatutaki mvuke ipotee bure. Makala iko bei." Tunawaelewa. Na kuna wengine waliosoma kwamba maabara zinatumia digri 121, wakafikiri pipa lao nalo lifike pale. Sehemu mbili zinazofuata ni kwa ajili yao hasa.

Hesabu ya makala

Tukae chini na kalamu. Kugeuza lita moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunakula nguvu nyingi kuliko watu wanavyodhani, zaidi ya mara saba ya nguvu ya kuyapasha maji yale yale kutoka baridi hadi kuchemka hapa kwetu. Mbabula ya kawaida inaingiza ndani ya chombo karibu sehemu moja tu kwa tano ya nguvu ya makala. Nyingine inakwenda na upepo. Ukiweka mambo haya mawili pamoja, unapata kipimo ambacho tungependa kila kikundi kikiandike ku ukuta: lita moja ya maji iliyotoka kama mvuke ni karibu gramu 400 za makala.

Sasa tuchukue pipa lenye lita 40 za maji na kilo 60 za chakula cha uyoga kilicholowa.

Kulifikisha kwenye kuchemka: karibu kilo 4 na nusu za makala.

Joto linalopotea ku ubavu wa pipa, ambalo halijavikwa kitu, kwa saa tano: kilo 4 na zaidi kidogo.

Mvuke unaotoka juu, kama moto unabaki mkali vile vile kwa saa tano: lita 6 hivi kila saa, jumla lita 32. Hizo ni kilo 12 na nusu.

Angalieni mstari wa mwisho. Zaidi ya nusu ya makala yote inakwenda ku mvuke ambao haukuongeza kitu. Maji yanayochemka kwa nguvu hayana joto zaidi ya maji yanayochemka polepole. Yote mawili ni digri 96. Mama anayepika bukari anajua: maji yakisha kuchemka, kuongeza moto hakuongezi kitu isipokuwa kukausha sufuria. Na hapa hatari nyingine inajitokeza: lita 32 zikitoka kati ya 40, pipa liko karibu kukauka. Chini kunaungua, mifuko inayeyuka, na mtu akimwaga maji baridi pale, mvuke unaruka usoni.

Sasa tufanye hesabu ileile na moto uliopunguzwa, ili itoke lita moja tu kwa saa. Kwa saa tano ni lita 5, kilo 2 za makala. Tumeokoa kilo 10 kwa pipa moja, na hatukununua kitu. Kwa msitu wetu hii si kidogo. Tanuru za udongo zinatoa kilo 10 hadi 20 za makala kwa kila kilo 100 za mti mkavu. Kilo 10 za makala ni kilo 50 hadi 100 za miombo, na wote tunaona namna baiskeli za makala zinatoka mbali zaidi kila mwaka ku njia ya Kasenga na ya Kipushi.

Sasa tundu je? Tuseme umelifunga na moto umebaki mkali. Nguvu inayoingia kutoka chini haijapungua. Haina pa kwenda isipokuwa kuongeza shinikizo ndani, mpaka kitu kiachie. Tundu halikuwa likila makala. Lilikuwa likionyesha kwamba moto wako ni mkubwa kuliko kazi. Ni sawa na mtu anayepasua kioo kwa sababu hakupenda uso aliouona.

Uzito ulio chini ya mfuniko

Mfuniko wa pipa la lita 200 uko na upana wa sentimita 57. Eneo lake ni sentimita za mraba karibu 2,550. Kila kidogo cha shinikizo kinazidishwa mara 2,550.

Shinikizo dogo sana, sehemu moja kwa kumi ya baa, ambayo mtu hawezi hata kuihisi ku tairi ya baiskeli, inasukuma mfuniko kwa kilo 260. Ni magunia matano ya mahindi ya kilo 50, yakisukuma kutoka chini. Ukitaka digri 121 za maabara unahitaji zaidi ya baa moja, na hapo mfuniko unasukumwa kwa zaidi ya kilo 2,600: magunia 52. Pipa la mafuta, lenye bati jembamba na kutu ku mshono, halikutengenezwa kwa kazi hiyo. Likiachia, maji yote ya moto sana yaliyo ndani yanageuka mvuke kwa sehemu kwa dakika moja ya jicho, na lita moja ya maji inatoa karibu lita 1,900 za mvuke hapa kwetu.

Kuna anayesema: mbona kokote ya nyumbani inafungwa na haipasuki? Kokote iko na mfuniko mdogo, sentimita 22 hivi, na kwa baa moja unabeba kilo 400 tu. Chuma chake ni kinene, kinashikwa na meno. Na iangalieni vizuri: hata ile iko na njia mbili za kutoka. Moja ni uzito unaocheza juu, ya pili ni kizibo cha usalama kinachoachia ile ya kwanza ikiziba. Ni mafunzo ya zamani sana. Mfaransa Denis Papin alionyesha chungu chake cha mvuke huko London mwaka 1679, na alipoona hatari yake akakiongezea vali yenye mkono na uzito. Zaidi ya miaka 200 baadaye watu walikuwa bado wanajifunza. Tarehe 20 Machi 1905 boila ya kiwanda cha viatu ilipasuka katika mji wa Brockton, Marekani, na watu 58 wakafa. Baada ya misiba ya namna hiyo ndipo mafundi wa Marekani walipoandika kanuni ya pamoja ya kutengeneza boila.

Na uyoga wetu hauombi hayo yote. Majani makavu na magunzi yanatosheka na digri 70 hadi 80 kwa saa chache katikati ya mfuko. Unga wa mbao unataka mvuke wa kawaida kwa muda mrefu zaidi. Kinachohitaji digri 121 ni punje zinazotengenezewa mbegu ya uyoga, na hiyo ni kazi ya maabara yenye chombo chake. Kikundi kinunue mbegu tayari.

Tiyo mbili, wala si moja

Tunashauri tiyo mbili za kipenyo cha sentimita 2 na nusu kwa ndani, zimechomelewa ku mfuniko, moja upande huu, nyingine upande wa pili. Kwa nini upana huo? Kwa moto mkali tuliouhesabu, mvuke unapita ndani ya tiyo moja kama hiyo bila kusukuma mfuniko hata kidogo. Kwa tiyo nyembamba ya sentimita moja, mvuke uleule unapiga firimbi na mfuniko unasukumwa kwa kilo 25 hivi, hata kabla ya kitu chochote kuziba.

Na kwa nini mbili? Kwa sababu vitu vinaziba. Kipande cha plastiki kinapanda na kushika mdomo wa tiyo. Ganda la mahindi. Nyigu aliyejenga nyumba ya udongo ndani ya tiyo wakati pipa limekaa mwezi mzima bila kazi. Tiyo moja ikiziba, ya pili inafanya kazi, na mlinzi wa moto anaona mara moja kwamba upande mmoja umekufa. Gharama ya tiyo ya pili ni ndogo kuliko dawa ya mtu mmoja aliyeungua.

Mfuniko usikazwe kwa bulonge. Uwekwe juu ya mpira, na mawe mawili matatu ya kilo chache juu yake, hivyo tu. Hata tiyo zote mbili zikiziba, mfuniko utanyanyuka wenyewe na kutoa sauti. Ile ni vali yenu ya tatu.

Kuusoma mvuke

Tundu lililo wazi linafanya kazi ya kipimajoto ambacho hatuna. Tuwafundishe vijana wanaolinda moto alama hizi.

Mvuke unaruka juu na kupiga kelele: moto ni mkali mno. Toeni makala, funikeni mlango wa moto.

Mvuke unatoka polepole, mfululizo, kama pumzi ya mtu asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba: ni sawasawa. Hapo ndani kuna digri 96 na hewa haiwezi kurudi.

Mvuke unakatika, unarudi, unakatika: moto umepungua mno. Hewa imeingia tena. Ongezeni moto, na saa zihesabiwe upya kutoka pale mvuke utakaposhika tena. Hapa tusijidanganye: akiba ya makala inayovusha mstari huu ni hasara, kwa sababu pipa zima la mifuko linaweza kuoza.

Mwanzoni mambo ni kinyume. Hadi kuchemka, washeni kwa nguvu, na mvuke wa kwanza ukitokea acheni utoke kwa nguvu dakika 15 hadi 20 ili usukume hewa. Kisha ndipo mpunguze. Saa zianze kuhesabiwa hapo. Na mifuko isisongamane: acheni nafasi ya vidole viwili kati ya mfuko na mfuko, na njia moja wazi katikati toka chini hadi juu. Mfuko mnene kuliko sentimita 15 hadi 20 unachelewa sana kupata joto katikati.

Kitu kingine ambacho hakigusi tundu kabisa: vikeni pipa. Tabaka la udongo uliochanganywa na majani, ao mablanketi ya zamani yaliyo mbali na moto, linaweza kupunguza nusu ya joto linalopotea ubavuni. Ni kilo 2 nyingine za makala.

Moto ukizimwa, hapana kuziba tiyo kwa nguvu. Mvuke ukipoa unarudi kuwa maji, ndani panabaki patupu, na uzito wa hewa ya nje unaweza kukunja pipa kama kopo la nyanya lililokanyagwa. Lakini hewa inayoingia ni chafu, na mifuko yetu imeshasafishwa. Njia ya katikati ni hii: fungeni pamba safi ao kitambaa kilichochemshwa juu ya mdomo wa kila tiyo, ili hewa iingie ikichujwa.

Upande wa moshi

Yote tuliyosema juu ya mvuke yanarudi ku moshi, na huku hatari haionekani. Jiko la pipa lililozungushiwa matofali linahitaji dohani, ile tunaita shimine. Dohani ndefu inavuta vizuri, moto unawaka safi. Lakini ikivuta mno, joto linakimbia nje bila kugusa pipa. Kwa hiyo mafundi wanaweka bati la kugeuza ndani ya dohani, la kupunguza mvuto. Ni jambo jema, linaokoa makala. Hatari ni mtu kulifunga lote.

Makala yanayokosa hewa yanatoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho kama moshi wa kuni. Mtu anaumwa kichwa, anasikia kutapika, anapata usingizi, na asipotolewa nje anaweza kufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi na gesi za majiko ya nyumbani zilichangia vifo milioni 3.2 duniani kwa mwaka 2020. Wengi wao walikuwa wakivuta hewa hiyo kidogo kidogo, kila siku.

Basi bati la dohani likatwe kona, robo moja yake, ili hata likifungwa lote robo ya njia ibaki wazi. Mtu akisahau, chuma hakisahau. Dohani iwe na kipenyo cha sentimita 10 hivi, iwe na kofia ya kuzuia mvua, na isafishwe masizi kila wiki mnapofanya kazi. Na pipa liwe nje, chini ya paa lenye pande mbili wazi. Tunajua mvua inapopiga, watu wanataka kulisogeza ndani. "Mvua iko inanyesha, tutafanya nini?" Ongezeni bati la paa. Pipa na mbabula hapana kuingia ndani ya nyumba, hata usiku mmoja, hata mlango ukiwa wazi nusu.

Kwa mkutano wenu ujao

Tunaomba kila kikundi chenye pipa kifanye jaribio moja kabla ya mwisho wa mwezi. Pimeni makala kwa mizani kabla ya kuwasha. Jazeni lita 40 za maji kwa kipimo. Fanyeni kazi kama kawaida yenu, kisha pimeni maji yaliyobaki na makala yaliyobaki. Mara ya pili fanyeni kwa moto uliopunguzwa, mvuke ukitoka polepole. Andikeni hesabu zote mbili katika daftari ya kikundi, na mtunza fedha azigeuze kuwa franka kwa bei ya soko lenu la siku ile.

Fundi akija kuwauzia vali ya kufunga pipa, muulizeni maswali matatu. Ikiziba, mvuke utapita wapi? Nani ataisafisha, na kwa vipuri vya wapi? Inapunguza makala namna gani, kama moto ni uleule? Asipojibu yote matatu, mshukuruni na mumwombe awachomelee tiyo ya pili.

Mkifika kwenye jaribio, mlinzi wa moto awe mmoja aliyechaguliwa na kikundi, mtu mzima, asiyeachiwa watoto wa kuangalia wakati uleule. Na watoto wenyewe wakae mbali na pipa hatua kumi, hata kama tundu liko wazi na kila kitu kiko sawa.